Mafuta ya Kungoja

Julai, Shauri Moyo. Ukungu umekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimenunua mafuta ya mkia wa kondoo soko la Burma.
"Ni ya dawa?" mchinjaji akauliza.
Nikasema ni ya bunduki. Akacheka, akaniongeza kipande.

Nta imetoka Kibwezi ndani ya kopo la rangi,
nyeusi pembeni, na mguu wa nyuki katikati.
Jiko dogo, sufuria kuukuu, moto wa kunong'ona:
nta ikichemka imekufa, alisema baba.
Nta sehemu moja, mafuta mbili.
Baridi kama hii, punguza nta,
la sivyo kitambaa kitakakamaa kama chapati ya jana.
Ukishuka Makindu kwenye jua, ongeza,
au yote yatatiririka hadi kwenye baruti
na gobore litakohoa, halitasema.

Chumvi, kamwe.
Chumvi ni kutu iliyovaa nguo nyeupe.
Grisi ya gari, kamwe: ikikutana na baruti nyeusi
huzaa lami, na risasi ya tatu haishuki
hata uuegemee mdeki kwa kifua kizima.
Baba hakusoma kemia. Alisoma kasiba,
kwa kidole, kwa pua, mara moja kwa ulimi.

Na mate?
Mate yanafaa. Tafuna kitambaa, funga risasi,
shindilia, lenga, piga. Papo hapo.
Mate yakilala humo usiku mmoja
chuma kinaanza kulia machozi mekundu.

Gobore hili ameleta Nekoye wa stoo ya makumbusho,
limeviringishwa blanketi, na barua ya mihuri mitatu.
Kibandiko chake: *Mahali, hapajulikani.
Mwaka, haujulikani. Hali: tupu.*

Tupu!
Nikateremsha mdeki, ukagota mapema.
Nikapima nje, nikapima ndani:
shubiri moja kasoro.
Lilikuwa na mimba, na hakuna aliyelishika tumbo.

Nikamtoa Nekoye nje. Nikamwaga maji tunduni,
tukanywa chai, tukanywa nyingine.
Kisha parafujo kwenye ncha ya mdeki, polepole,
kama kung'oa jino la mtoto aliyelala.

Ikatoka. Mviringo, kijivu,
imevaa kipande cha merikani
ambacho bado kilikuwa laini. Bado!
Na harufu ya kondoo ikapanda,
kondoo aliyechinjwa labda kabla mtaa huu haujapata jina.
Ukingoni, mishono saba ya mkono.
Pindo la shati. Au la shuka ya mtoto.

Nekoye anauliza aandike nini.
Andika risasi, moja. Andika kitambaa.
Ninalolijua mimi halina nafasi kwenye kibandiko:
aliyetia mate ana hasira,
aliyetia mafuta ana subira.
Huyu hakutaka kupiga siku ile.
Alichuchumaa mbele ya moto kama mimi,
akayeyusha, akapima kwa jicho,
akakata pindo la nguo ya mtu wake,
akalishindilia gobore miezi mizima ya kungoja.

Subira huvuta heri, tunaambiwa.
Hatuambiwi heri ya nani.
Labda aliyengojewa alishika njia nyingine.
Labda alipita hiyo hiyo, alfajiri, akikohoa,
mzigo wa kuni begani,
na macho mawili yakamsindikiza hadi konani,
na gobore likaegemezwa nyuma ya mlango,
na siku zikawa siku tu.

Nimeipaka kasiba ndani na nje.
Sasa ni tupu kweli.
Nekoye amepakia risasi kwenye mfuko wa plastiki,
ameandika tarehe ya leo, hana nyingine.

Mafuta yaliyobaki sufuriani
nimepaka visigino.
Vimepasuka kwa baridi hii.